Kwenda kazini kwa baiskeli mwaka mzima: mvua inasingiziwa tu

Pedali_Kavu:
Wakuu habari zenu. Naona msimu umeanza kugeuka na kama kawaida wenzetu wameanza kutundika baiskeli ukutani, ukimuuliza anakwambia mvua hizo bana ngoja ziishe. Zikiisha utasikia jua kali mno, jua likipoa utasikia upepo, mwisho wa siku mtu anapanda baiskeli miezi miwili kwa mwaka na ukimkuta kwenye uzi wowote wa baiskeli yeye ndo msemaji mkuu.

Msimamo wangu ni huu na mnaobisha karibuni: mvua inasingiziwa. Mvua inalowesha, basi. Kinachoangusha watu na kinachomfanya mtu aichukie baiskeli ni vitu vingine vinavyokuja na msimu na havitajwi sana, yani mwanga hafifu, upepo wa mbele, joto, na zile dakika za kwanza za mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu.

Hiyo ya mwisho ngoja niinyooshe. Kipindi chote cha ukavu barabara inakusanya oili inayodondoka kwenye magari, vumbi, na unga wa raba unaolika kwenye matairi. Yakija manyunyu hayo yote yanaelea juu ya lami, utaona hadi zile rangi rangi za mafuta kwenye maji, hapo ni utelezi mtupu. Mvua ikipiga kweli kweli kwa muda inaosha na lami inarudi kushika. Kwahiyo yale manyunyu ya siku ya kwanza ambayo mtu anasema aah hii kidogo tu, ni hatari kuliko mvua kubwa ya wiki ya tatu. Siku hiyo usilaze baiskeli kwenye kona, breki anza kushika mapema na kwa upole, na ukikutana na mistari ya rangi ya barabarani au mfuniko wa chemba wa chuma au majani yaliyolowa pita umenyooka, kona ukate kabla au baada. Na dimbwi usilolijua usiliingie hata kama linaonekana la kitoto, maji hayaonyeshi shimo.

Karibuni.

Fundi Spoku:
Mkuu umepita haraka sana kwenye breki na mimi ndo ninakolia huko kila mvua zikianza. Watu wanaleta baiskeli wanasema breki mbovu, unakagua waya mzima, raba nzima, tatizo ni rimu. Zile rimu za chuma zinazong'aa kama kioo zikilowa hazishiki, nasema hazishiki, unabana mpaka vidole vinauma na baiskeli inaendelea na safari yake. Rimu za alumini zina nafuu kubwa lakini nazo zikilowa kuna mizunguko kadhaa ya tairi inapita bure kabla raba haijafuta maji ndo ishike. Dawa yake ni kugusa breki kidogo mapema, unafuta maji kwanza, afu ndo unabana. Mwenye breki za diski au zile za ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) anaonja shida hii kidogo sana.

Jambo la pili, mara mbili tatu kwa mwezi wakati wa mvua chomoa tairi uangalie uso wa raba ya breki. Utaona vitu vinametameta, vidogo kama punje ya chumvi, hivyo ni mchanga na vipande vya alumini vilivyozama ndani ya raba. Ule mlio wa kukwaruza unaousikia ukishika breki ndo wenyewe, raba imegeuka kuwa tupa na inaila rimu yako. Chukua ncha ya kisu au sindano nene uchomoe kimoja kimoja, afu piga msasa juu juu raba iwe mpya tena, kazi imeisha. Nimeona rimu zimelika ukuta wake umekuwa mwembamba mpaka ukipitisha kidole unasikia umebonyea, hiyo siku ukijaza upepo vizuri inapasuka yenyewe na tairi juu.

Ngoma ya Magharibi:
Sawa fundi ila hujagusa tairi. Mimi tairi zangu zimeisha meno, ni kipara kabisa, si ndo nitateleza mvua ikinyesha? Nimeambiwa maji yanabeba tairi kama gari linavyobebwa.

Fundi Spoku:
Hapana. Gari linabebwa na maji kwasababu tairi lake ni pana, limelala flati na linakwenda kasi. Tairi la baiskeli ni jembamba, la duara, na lina presha kubwa, linayakata maji linagusa lami, kwa mwendo wa kwenda kazini hilo la kubebwa lisahau. Kwenye lami yale meno hayana kazi kubwa, yana kazi kwenye tope na changarawe. Ila kipara kina shida nyingine, raba ikiwa nyembamba pancha zinakuandama, na wakati wa mvua ndo zinazidi maana maji yanasogeza vioo na miba mpaka pembeni ya barabara ambako ndo njia yetu, na raba iliyolowa inakatika kirahisi kuliko kavu. Kwahiyo badilisha, ila kwa sababu hiyo siyo ile uliyoambiwa. Na upepo toa kidogo mvua ikiwa nyingi, tairi likiwa gumu kama jiwe linaruka ruka kwenye kila kokoto.

binti_keria:
Mada nzuri ila naona wanaume mnaongea raba na rimu tu. Kinachotutoa wengi kwenye baiskeli ni kufika kazini ukiwa hutamaniki. Na hapo namuunga mkono mleta mada, joto ni baya kuliko mvua. Mvua ukifika umelowa watu wanakuonea huruma, jasho ukifika umelowa wanasogeza kiti.

Nilichojifunza ni kwamba ukiwa kwenye mwendo jasho linatoka lakini upepo unalikausha hapo hapo, kwahiyo hulioni. Ukisimama tu upepo unakatika, mwili bado wa moto, ndo linamwagika lote. Watu wanakimbiza mpaka getini afu wanashangaa wanavuja kwenye lifti. Zile dakika kumi za mwisho pedali kivivu, kama unaenda kusalimia tu, ukifika mwili umeshapoa. Na mkoba toa mgongoni weka kwenye keria, mgongo ukizibwa na begi hakuna ujanja wowote utakaokusaidia. Kukiwa na unyevu mwingi hewani hata hivyo vyote vinasaidia nusu tu kwasababu jasho halikauki, hewa imeshashiba maji, siku hizo beba blauzi ya kubadili na kitambaa chenye maji kwenye mfuko wa nailoni.

Mimi nguo za kazi naacha kazini. Siku moja ya wiki ambayo hali ni nzuri napeleka pea kadhaa zimekunjwa kwa kuviringishwa, hazikunjamani sana hivyo, narudisha chafu. Viatu vya kazi havijui baiskeli inafananaje. Na dada zangu wenye sketi ndefu, wekeni kava ya cheni, siyo urembo.

Mpita_Njia_Tu:
Si mpande basi tu jamani 😂😂

Pedali_Kavu:
Mpita njia pita basi 😂. Ila seriazi kuna siku basi ndo jibu na nitafika huko.

binti_keria umemaliza. Niongezee upepo sasa kama nilivyoahidi. Watu hawaelewi kwanini siku yenye upepo wa mbele unafika umechoka kama umelima, wanadhani wamezeeka. Hesabu yake iko hivi, nguvu ya hewa inayokusukuma nyuma haipandi sawasawa na kasi, inapanda kwa kasi mara kasi. Ukiwa unakwenda kilomita 15 kwa saa hewa imetulia, unapambana na upepo wa 15. Ukija upepo wa mbele wa 15, hewa inakupiga kwa 30, yani kasi mara mbili lakini msukumo mara nne. Ndo maana kung'ang'ania mwendo wako wa kila siku ni kujiumiza bure. Shusha gia, inama, viwiko ndani, kubali utachelewa kidogo na utoke nyumbani mapema. Koti la mvua lisilofungwa zipu siku hiyo ni tanga la jahazi.

Upepo wa pembeni nao una visa vyake, hasa kwenye madaraja na sehemu jengo linapoishia ghafla, na lori likikupita. Lori linapokuwa ubavuni kwako linakukinga upepo, likishapita upepo unarudi wote mara moja na wewe ulikuwa umeegemea upande huo. Legeza mikono, usikabe usukani.

Kijana wa Zamu:
Mimi natoka kazini usiku, kwahiyo huo mwanga hafifu ulioutaja ndo maisha yangu. Mvua ya usiku dereva anaona kioo kimejaa matone na kila tone lina taa ndani yake, wewe na taa yako moja ndogo unapotelea humo humo. Taa ya nyuma kama inaweza kuwaka tu au kupepesa tu, mimi nafunga mbili, moja inawaka muda wote ili ajue uko umbali gani, nyingine inapepesa ili akuone.

Kitu cha bei rahisi kuliko vyote ni utepe wa rifrekta kwenye vifundo vya miguu. Siyo kifuani, miguuni. Kwasababu unapanda unashuka unapanda unashuka, na dereva akiona vile ubongo wake unajua hapo hapo huyu ni mtu yuko kwenye baiskeli. Koti la rifrekta ni zuri ila likiwa limetulia linaweza kuwa kibao tu cha barabarani.

Na kuna hili la jua la asubuhi na jioni ambalo sijaona mtu amelitaja humu. Jua likiwa chini kabisa na liko mbele yako usifurahi na miwani yako nyeusi, miwani inakusaidia wewe, dereva aliye nyuma yako anatazama jua lile lile na haoni kitu. Kivuli chako kikiwa kirefu na kimelala nyuma yako, ujue anayekuja nyuma amepofuka. Hapo nawasha taa ya nyuma mchana kweupe na nikipata njia ya pembeni nachukua hiyo.

Mzee wa Glavu:
Nawasalimu kutoka nchi ya barafu. Nimesoma mada nikacheka pale mleta mada alipotaja mwanga. Mkiwa karibu na ikweta mchana wenu ni kama masaa 12 mwaka mzima, huku msimu ukibadilika unaenda kazini giza na unarudi giza. Mji wa Oulu kaskazini ya Finland, ambao unajulikana dunia nzima kwa watu kuendesha baiskeli kwenye theluji, siku fupi kabisa za mwezi wa 12 jua linaonekana chini ya masaa manne, na bado watu wanakwenda kazini na watoto wanakwenda shule kwa baiskeli. Siri yao siyo ushujaa. Njia za baiskeli zimejitenga na magari na theluji inasafishwa mapema. Sehemu ambayo haisafishwi njia hata hao hao mashujaa wangepanda basi.

Mambo ya baridi kwa kifupi kwa wenzangu mlioko huku. Toka ndani ukiwa unasikia baridi kidogo, ukitoka umejisikia vizuri umevaa kupita kiasi, utafika umelowa jasho na jasho kwenye baridi ni hatari. Masikio na vidole ndo vya kulinda, kifua kitajipasha chenyewe. Tairi zenye misumari midogo fungeni kwa ajili ya barafu, theluji laini haina shida sana, shida ni ile iliyoyeyuka mchana ikaganda usiku, nyeusi, huioni. Kama una hela ya tairi moja ya misumari weka mbele, tairi la nyuma likiteleza unaweza kuokoa, la mbele likiteleza unajikuta umelala. Na friwili (ile gia ya nyuma inayokuruhusu kuacha kupiga pedali) ikiwa na grisi nzito inaganda, unapiga pedali linazunguka bure kama cheni imekatika, weka oili nyepesi msimu huo.

Huku kuna msemo kwamba hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya. Watu wanaupenda sana. Mimi naona ni maneno ya mtu anayeangalia dirishani.

Ngoma ya Magharibi:
Mzee wa Glavu hapo mwisho umenikosha. Na ndo maana sikubaliani na kichwa cha uzi huu. Mvua inasingiziwa vipi wakati kuna radi na mafuriko? Mtu mgeni akisoma humu atatoka na baiskeli kwenye maji ya magotini kwasababu Pedali_Kavu amesema inalowesha basi.

Pedali_Kavu:
Hayo ni mengine mkuu na ndo nilisema kuna siku basi ndo jibu. Mafuriko siyo mvua, mafuriko ni maji yanayotembea. Maji yanayokwenda kasi, kina cha sentimita 15 tu, kinatosha kumwangusha mtu mzima aliyesimama, sasa wewe una magurudumu mawili yenye spoku yanayoshika maji. Ukikuta yamekata barabara geuza. Hata usishuke ukokote, geuza.

Radi nayo kuna watu wanajidanganya kwamba raba za tairi zinawakinga. Radi imetoka mawinguni imevuka kilomita za hewa, itashindwa na raba ya unene wa kidole? Ukiona mwanga hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, gawa kwa tatu, hizo ndo kilomita. Ikiwa chini ya sekunde 30 iko karibu vya kutosha kukupiga, ingia kwenye jengo la maana au ndani ya gari lililofungwa, na kaa nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Mti ulio peke yake usiusogelee, na kibanda kilicho wazi hakikusaidii kwa radi. Bosi asipoelewa hiyo nusu saa basi shida siyo hali ya hewa.

Fundi Spoku:
Na waliopita kwenye maji yaliyofika kwenye habu, hata kama ulitoka salama, lete baiskeli ifunguliwe. Maji yanaingia kwenye beringi yanatoa grisi, siku mbili tatu huoni kitu, afu unaanza kusikia krr krr kila ukizungusha. Kufungua, kusafisha na kupaka grisi mpya ni kazi ndogo, ukichelewa unabadilisha habu.

Cheni pia, naona wengi wanaikosea kwa kupenda sana. Ukirudi umelowa ifute na kitambaa, weka tone la oili kwenye kila pingili, zungusha, halafu futa tena ya nje yote. Oili inatakiwa ndani ya pini, ya nje inakusanya uchafu tu. Kiangazi vumbi likikutana na oili nzito cheni inajisaga yenyewe, kwahiyo kiangazi oili nyepesi na kidogo, masika nzito kidogo ili isioshwe. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini ya gari acheni, ina unga wa chuma ndani, unaipaka cheni kitu kinachoila.

Mpita_Njia_Tu:
Kumbe mna elimu hivi. Hii baiskeli nani aliwaza kwanza na alikuwa anakimbia hali ya hewa gani?

Kijana wa Zamu:
Karl Drais, Mjerumani, 1817, ya mbao na haikuwa na pedali, unasukuma kwa miguu. Na cha kuchekesha ni kwamba kuna wanaoihusisha na hali ya hewa kweli. Mlima Tambora kule Indonesia ulilipuka 1815, majivu yakaziba jua, 1816 Ulaya ikakosa kiangazi, mazao yakaharibika na chakula cha farasi kikapanda bei, ndo wanasema jamaa akawaza usafiri usiokula. Wengine wanapinga huo uhusiano na ushahidi wake siyo mwingi, ila miaka ndo hiyo. Tairi za upepo hizi tunazozibia pancha Dunlop alikuja nazo baadae sana, 1888.

Mpita_Njia_Tu:
Basi nimeshawishika nusu. Nina baiskeli stoo haina taa haina madigadi, hela ya kununua kimoja tu mwezi huu. Nianze na kipi?

binti_keria:
Madigadi. Bila madigadi maji machafu ya barabarani yanakuchora mstari mgongoni kuanzia kiunoni mpaka shingoni, ofisi nzima inajua umekuja na nini. Hayo siyo maji ya mvua, yana mafuta na kila kitu.

Kijana wa Zamu:
Taa. Hakuna mjadala hapo.

Fundi Spoku:
Taa, nunua taa. Madigadi tengeneza. Chukua dumu la plastiki, kata ubavu wake kipande kirefu kinachofuata mkunjo, toboa matundu manne kwa msumari wa moto, funga kwa waya au zile plastiki za kubania, moja chini ya siti na nyingine kwenye bomba la chini nyuma ya tairi la mbele. Haipendezi ila maji hayapiti. Acha nafasi ya kidole kati yake na tairi, maana tope likijaa hapo tairi halizunguki.

Mpita_Njia_Tu:
Dumu la rangi gani linapendeza na baiskeli nyekundu?

binti_keria:
Jeupe, usiku linaonekana.